Swala wa Upande wa Pili wa Jiwe

Shemeji yangu, mdogo wa marehemu mume wangu, alichora ramani katika ofisi ya ardhi kwa miaka thelathini na mmoja, na watu wakamwita Bwana Mipaka. Habari yake imesimuliwa ovyo ovyo huko sokoni, hata ikasemwa kwamba sisi ni ukoo wa majangili. Basi naiandika mimi, niliyekuwepo.

Chumba chake cha kazi kilikuwa na meza iliyoinama, taa ya shingo ndefu, na kabati la droo pana ambamo msitu wote wa umma ulilala kwenye karatasi. Kusini mwa msitu wananchi waliruhusiwa kuwinda kwa kibali. Kaskazini palifungwa ili wanyama wazaliane. Wawindaji walipenda kusema mpaka ni kijito. Bwana Mipaka akisikia hivyo, damu ilimchemka. "Kijito kinahama, bwana! Mpaka ni yale mawe tuliyoyapanda!" Aliyasema hayo ofisini, arusini, na mara moja msibani, jeneza likiwa mbele yetu, mpaka nikamfinya.

Kanisani alikuwa mwenyekiti wa baraza la wazee. Yeye ndiye aliyeandika kile kifungu cha katiba yetu: kiongozi akivunja sheria ya nchi ataacha kiti msimu mzima bila kusubiri kuombwa, "yeye na kila aliyefaidika na kosa lake." Alisema kiongozi wa kanisa ni mtumishi, na mtumishi hachagui amri za kutii. Wazee wakakipitisha kwa sauti moja, maana saa ya chakula ilikuwa imefika.

Jumamosi moja alikwenda kuwinda, kibali mfukoni, akarudi na swala mnene. Jumapili, baada ya ibada, baraza zima likamla. Mchungaji aliongeza mara mbili. Fundi viatu, wa mwisho kwa cheo barazani, hakuwa na meno, akanywa mchuzi tu. Mimi, katibu, nilikula kwa kiasi.

Jumatatu mchana nikamwona Bwana Mipaka mlangoni kwangu, ramani kwapani, uso umemshuka.

"Shemeji, nimekwisha."

"Kuna nini? Nani amekufa?"

"Swala."

Alikuwa na desturi ya kutia nukta kwenye ramani kila alipoangusha mnyama. Asubuhi ile alipopima, nukta ikaangukia kaskazini, hatua arobaini kupita jiwe. Mvua zilikuwa zimekisogeza kijito, naye kwa uchu wa swala akakifuata kijito badala ya mawe. Yeye!

"Nani alikuona?"

"Hakuna."

"Basi kunja hiyo ramani unywe chai. Jina la kaka yako liko ukutani shuleni, kwenye orodha ya walimu wakuu. Unataka sasa liende polisi?"

"Lakini shemeji, nitakaaje kwenye kile kiti?"

"Kama ulivyokaa jana, ukitafuna."

Hakucheka. Alimaliza chai yangu yote, kisha akaenda moja kwa moja kwa afisa wa wanyamapori kujishtaki. Afisa, ambaye alifundishwa naye kusoma ramani, akamsihi akubali kwamba labda amekosea vipimo. Loo, alivyofoka! Akanyang'anywa kibali mwaka mzima, akatoka ameridhika kwamba angalau vipimo vyake havikupingwa.

Jumatano baraza likakaa. Bwana Mipaka akasoma kifungu chake, akaweka funguo za kanisa mezani.

"Ndugu yetu, ni kosa dogo tu," mchungaji akaanza kumfariji.

"Na hao waliofaidika," akauliza mwenyekiti wa kina mama, "ni akina nani?"

Tukatazamana midomo.

"Mimi nilionja tu," akasema mchungaji.

"Ulionja sahani tatu, Baba Mchungaji. Nilipakua mwenyewe."

Fundi viatu akanyoosha mkono kwa woga. "Samahanini, wazee. Mchuzi nao ni nyama?"

Wakabishana saa nzima. Mwisho ikaamuliwa kwamba mchuzi si nyama, kwa kuwa lazima abaki mtu wa kufunga kikao. Sisi wengine wote tukatoka barazani, mimi nikiwa nimeshika kichwa juu. Mchungaji aliachiwa mimbari tu.

Fundi viatu akaongoza msimu mzima. Akiwa na jambo la kuamua, alituuliza mmoja mmoja tulipompelekea viatu, tukiwa tumesimama kwa mguu mmoja, na kwa mkao huo hakuna aliyehutubia. Paa la kanisa lililovuja, tulilolijadili kwa miaka minne, likazibwa katika wiki tatu.

Msimu ulipokwisha tukarudi. Fundi viatu akainuka, akakipangusa kiti kwa mkono wa shati.

"Karibu, Mwenyekiti."

Shemeji akakitazama kiti, kisha akainua macho kwenye paa. Nikamkodolea macho, akajifanya hanioni.

"Kaa hapo hapo," akasema. "Wewe unakiweza kuliko mimi. Mimi nitakuwa mjumbe."

Akavuta benchi, akaketi kati ya mwenyekiti wa kina mama na mlango. Nami nikaandika kwenye kumbukumbu za kikao, kwa mwandiko wangu mzuri kabisa, kwamba kiti kilitolewa kwa hiari, na kilitolewa na ukoo wetu.