Shikamoo ya Mtoto Mchanga

Mjukuu wangu anafanya kazi Jebel Ali, kwenye maghala, na Ijumaa moja aliniletea madam wake, mkubwa wake wa kazi, hapa kwetu Deira, Dubai hiihii. Mwanamke wa Afrika Kusini, mtu mzima, kapakata bahasha yenye picha ya marehemu baba yake. Baba huyo alikuwa kiongozi katika vita vya kuwaondoa Makaburu, na kwao barabara imepewa jina lake. Lakini bintiye hakupata kumjua. Baba alikimbia nchi yeye akiwa mchanga, na aliporudi kamkuta keshaolewa.

"Anataka kujua jambo moja tu, Bibi," mjukuu akanambia. "Huko alikokimbilia alikuwa akimkumbuka? Maana barua hakupata hata moja."

Nikaisogeza picha dirishani. Loo! Mgeni wetu wa zamani!

Miaka hiyo tulikuwa tukikaa Dar es Salaam, na chumba cha uani mume wangu alikitoa kwa wapigania uhuru. Niliwapikia kumi na mmoja, na majina yao ninayo yote, ya kweli na ya kujificha. Kusoma sikusoma sana miye, ila jina likishaingia kichwani mwangu halitoki. Hapa siyaandiki. Mume wangu alitukanya kuwa jina la mgeni halivuki mlango, na mazoea hayo hayajaniacha.

Bwana yule ndiye aliyekuwa mkubwa wao. Wenzake waligombana sana, lakini akiingia yeye husikii tena kelele. Na mtu huyohuyo sahani yake akiosha mwenyewe, na bombani akipanga foleni nyuma ya mayaya.

Kiswahili alijifunza kwa kukosea. Shikamoo akimpa kila mtu. Muuza mkaa, shikamoo. Yaya, shikamoo. Watoto wa mtaani wakafanya mchezo, asubuhi wanajipanga mlangoni wamwitikie "Marahabaaa!" kwa sauti nzito kama wazee.

"Bwana, unajishusha," mume wangu akamwambia. "Shikamoo hupewa mkubwa."

Akacheka. "Kwetu mtoto wa Kaburu ananiita boi, na mimi nina mke na mwana. Nyie mna neno zuri hivi, mbona mnalifanyia uchoyo?"

Kilichonikera mimi kilikuwa kingine. Kila asubuhi akichuchumaa penye mkeka wa binti yangu, hata kutambaa bado, akimwamkia shikamoo kwa jina lisilo lake. Nikastahamili wiki nzima, nikachoka.

"Bwana wee, mwanangu haitwi hivyo!"

"Najua, dada." Uso hakuuinua. "Mwenye jina yuko mbali. Nampa wako amwekee."

Nikamwachia. Akaendelea hivyo mpaka alipohamishwa.

Hayo yote nikamsimulia madam, mjukuu akitafsiri. Alisikiliza kwa adabu, kahawa yake hakuigusa. Kisha akauliza neno moja.

"Anasema, jina gani?"

"Kwani huko kazini mnamwitaje?"

Mjukuu akanitajia. Silo! Hata kufanana hayafanani. Hapo nikaingiwa na hofu. Labda ni uzee umenipata. Labda bwana yule alikuwa na mtoto mwingine, nami namtoboa mwenzangu moyo kwa mdomo wangu mwenyewe. Nikataka kusema khalas, basi, nimesahau. Lakini sijasahau, nimdanganye vipi mgeni kwenye zulia langu?

Nikalitaja lile la mkekani.

Mjukuu hakuwa na la kutafsiri. Madam alijifunika uso kwa bahasha. Alipoishusha alisema jina hilo halimo kwenye pasipoti yake wala popote. Ni la nyumbani, na tangu mama yake afariki hakuna aliyemwita hivyo.

Baadaye, kahawa ishapoa, akamuuliza mjukuu shikamoo huitikiwaje.

"Marahaba," nikamwambia mwenyewe.

Akajaribu, ikamkwama. Akajaribu tena. Ya tatu ikatoka sawasawa, naye hakunitazama mimi wala mjukuu. Alikuwa ameishika picha.