Kosa la Seva ya Mbele

Simu ililia dada mtu akimpigia mdogo wake pasi shati la kesho. Aliyepiga alikuwa mkuu wa ofisi ya mdogo wake.

"Dada, mdogo wako ameanguka kazini. Moyo. Hatunaye tena. Pole sana. Na, samahani, lile daftari lake la seva liko hapo nyumbani?"

Maiti haijapoa, mtu anauliza daftari! Dada alikaa chini. "Mola, mapenzi yako yatimizwe," akasema, na chozi likadondokea kwenye kola.

Marehemu alikuwa fundi wa seva, zile kompyuta kuu zinazotunza kurasa za hospitali, mng'ang'anizi kama kupe. Kwa miezi mitatu kurasa hizo zilifunguka kwa kusuasua. Kwenye zahanati za mbali wauguzi walisubiri kadi ya mgonjwa hadi mgonjwa anasinzia. Seva ilipaswa kubana kila ukurasa kabla ya kuutuma, kama mtu akunjavyo nguo ili begi lifungike. Mkuu, aliyekaa hatua tano kutoka kwenye seva, alifungua ukurasa wake akatangaza kikaoni, "Mbona kwangu unafunguka kufumba na kufumbua? Seva haina kosa, fundi ni mvivu tu."

Fundi hakubishana. Alikwenda zahanati ya mwisho kabisa, akaazima simu ya muuguzi. Ukurasa ukaja mzimamzima, haujabanwa. Jioni alimsimulia dada yake huku akicheka: seva iliweza kubana vizuri, ila seva ya mbele, ipokeayo maombi yote, ilikuwa ikifuta kwenye kila ombi ule mstari unaosema "nitumie uliobanwa". Na hiyo aliipanga nani? Mkuu, kwa mikono yake mitukufu, wala hakuruhusu mtu aiguse.

Mkuu alifika msibani na huzuni ya kuazima usoni.

"Dada yangu, lile daftari..."

"Utalipata, baba. Dawa ya seva yako ya mbele imo humu. Kwanza kesho makaburini useme kosa lilikuwa la nani."

"Mbele ya watu?"

"Kwani ulimwita mvivu mbele ya nani, mbuzi?"

Kesho yake, mchungaji alipomaliza kuomba, mkuu alisimama, jasho likimtiririka. "Kosa lilikuwa kwenye seva ya mbele. Niliipanga mimi. Marehemu ndiye aliyeligundua."

"Kumbe na yeye anajua kubana maneno!" shangazi yao akanong'ona.

Dada akampa daftari. Jeneza likashushwa. Dada alitupia kiganja kimoja cha udongo, wakafuata ndugu, kisha wafanyakazi wenzake. Wakafukia, wakaimba, wakaweka maua, wakarudi nyumbani.