Kazi Niliyomficha Daktari

Kwa miaka minne nilitoka Kimbo kwenda kliniki ya kifua huko Thika, na kila chumba nilikiachia hadithi yake. Daktari nilimwambia nilikuwa karani. Sista nilimwambia sigara niliacha zamani. Mama wa mazoezi ya kupumua, kwa kuwa alikuwa mcheshi, ndiye pekee ambaye ukweli ulinitoka mbele yake siku moja nikihema: "Hata kwa mashine ya mawe sikuchoka hivi."

Ukarani haukuwa uongo mtupu. Nilipomaliza kidato cha nne niliajiriwa timboni, pale panapochimbwa mawe, kuandika malori yanayoyabeba. Kazi hiyo ilidumu miezi mitatu. Kisha nikashika mashine ya kukata mawe, nikaishika miaka kumi na tisa, vumbi limenijaa hadi kwenye kope. Lakini mama aliuza ng'ombe nisome, na nikiwa mbele ya daktari niliona haya kusema nilikokomea. Basi nikatibiwa pumu, nikatibiwa kifua kikuu, na pumzi ikazidi kupungua.

Mwaka jana walibadilisha utaratibu. Badala ya kutupitisha mlango kwa mlango, waliketi wote meza moja na mgonjwa, pamoja na wanafunzi wawili wa udaktari. Daktari mkubwa akawaambia wanafunzi, "Hapa hatuanzi na picha ya kifua. Tunaanza na kazi."

"Guka, umefanya kazi gani maishani?" mwanafunzi mmoja, msichana, akaniuliza, akiniita babu kwa Kikuyu.

"Karani."

Mama wa mazoezi akaguna. "Karani wa mashine ya mawe? Ama ulikuwa unaandika kwa msumeno, guka?"

Walicheka. Nami nilicheka, nikakohoa mpaka sista akanishika bega. Kisha nikasema yote, na sigara pia.

Daktari mkubwa hakunigombeza. Alirudi nyuma kwenye faili, ukurasa baada ya ukurasa, akasema hata wao hawakuwahi kuniuliza mara ya pili. Ni vumbi la mawe, akasema. Palipoharibika hapatarudi, pumzi iliyobaki tutaitunza pamoja.

Msichana yule alikuwa bado ameshika kalamu. "Na ulifanya kazi na nani?"

Niliitazama ile kalamu. Ndugu yangu mdogo, anayeishi Gitothua, mimi ndiye niliyempeleka timboni. Alikuwa bado anakata mawe, na ulikuwa mwaka wa tatu anakohoa. Mimi ndiye niliyemfundisha: ukienda hospitali, sema wewe ni mkulima.

Nilishukia Gitothua nikirudi. Nilimkuta mferejini akinawa uso.

"Karani amekuja!" akasema. Amenitania hivyo tangu tukiwa vijana.

"Kesho twende wote Thika. Wakikuuliza kazi, sema ni mawe."

Akafuta macho kwa mkono. "Kwani wewe ulisema?"

"Nimesema leo."

"Leo?"

Akataka kuongeza neno, kikohozi kikamshika. Nilimshikilia mgongoni nikasubiri kiishe. Kilichukua muda.