Nilivyoupima Mkanda wa Jeshi kwa Futi

Nakumbuka asubuhi moja, mwanangu, kabla sijahamia hapa Wanale, nilipokuwa fundi cherehani kijana kule Walukuba, Jinja. Nilikuwa nimevua shati, nimejizungushia ubavuni futi ile ile ya kupimia wateja. Malengelenge yalikuwa yamenitoka upande wa kushoto, kutoka mgongoni hadi kifuani, ugonjwa tunaouita mkanda wa jeshi. Mtaani walisema ncha zake zikikutana, unakufa. Basi kila asubuhi napima, naona hazijakutana, nafurahi peke yangu, narudi kushona. Hospitali sikwenda. Niliona haya, maana ukionekana na mkanda tu, majirani wanakwambia una ukimwi.

Malengelenge yakakauka, nikajiona bingwa. Lakini mwezi ukapita, ikawa miezi minne, ngozi imepona na maumivu yako pale pale, yanaunguza kama pasi ya mkaa. Shati likinigusa, naruka. Binti yangu Zaina, wa miaka miwili, alikuwa akinikimbilia nimbebe, nami namsukuma. Mwishowe akaacha kuja. Hilo liliniuma kuliko ubavu.

Aliyenikemea ni Mzee Juma, muuguzi mstaafu wa jeshi. Alikuja kuchukua suruali yake, akanikuta nashona kifua wazi. Nikamweleza yote, hata habari ya futi.

"Wewe fundi, ugonjwa unapima kama suruali?" aliniuliza. "Hii kitu ni tetekuwanga ya utoto wako. Ililala ndani ya mshipa ya fahamu, sasa iliamka, ikaumiza ile mshipa. Ngozi imepona, mshipa bado."

"Itapona, afande?"

"Pole pole. Lakini kesho unaenda hospitali."

Nilikwenda. Nikapimwa damu, sikuwa na ukimwi, na hata ningekuwa nao dawa zipo. Nikapewa vidonge vya kutuliza mishipa, maumivu yakapungua kidogo kidogo. Siku niliyombeba Zaina bila kukunja uso, nililia mbele ya wateja, wala sikujali.

Mwanangu, malengelenge yakikutoka upande mmoja wa mwili, usikae kuangalia yatafika wapi. Nenda hospitali siku hiyo hiyo, kwa sababu dawa yake hufanya kazi vizuri zaidi siku tatu za mwanzo. Ukichelewa, nenda vilevile. Maneno ya jirani yaache, yeye haumwi. Mungu akupe afya, na siku utakapougua, akupe ujasiri wa kusema mapema.