Mkeka Usio na Ua

Juzi mjukuu wangu alipomaliza hesabu zake za shule, aliugeuza mto wenye maua upande usio na kitu, ndipo akalala. Nikamkumbuka shangazi yangu.

Enzi za Mdachi, kule Matombo, shangazi alisuka mikeka ya nakshi iliyosifiwa mpaka bomani Morogoro. Nyumba nzima ilinuka miyaa, yale majani ya kusukia, iliyochemshwa na rangi. Lakini yeye mwenyewe alilalia mkeka mweupe, mtupu. Mimi, mtoto bado, sikuuliza kwa nini. Nilijua ile ya nakshi ina dawa ya kuua.

Alasiri moja askari alikuja kuchukua mkeka wa bwana mkubwa, na alipouona ule mtupu akaingiwa na shaka.

"Mama, mbona huu wako hauna hata ua?"

"Kutwa nahesabu miyaa, baba. Nikimaliza, macho yanataka pasipo na hesabu."

"Hebu lalia huu wa bwana kwanza, nione."

Shangazi akajilaza juu ya nakshi zake, akafumba macho. Nikajiziba mdomo, nikingoja afe. Askari akaridhika, akaukunja mkeka, akaenda zake.

"Mbona ulifumba macho?" nikamuuliza, bado simwamini.

"Ningeyafumbua, mwanangu, ningeanza tena kuhesabu."