Nyayo kwenye Sitaha ya Zaitun

Leonidasi, fundi rangi wa Kasulu, alikuwa na sharti moja ambalo hakumruhusu mtu alivunje: alumini ikishafutwa kwa tina, ile dawa ya kuyeyushia rangi na mafuta, ngozi ya binadamu isiiguse mpaka ipakwe rangi. Si kiganja, si unyayo. Mafuta ya ngozi hayaonekani kwa macho, lakini rangi huyaona. Itashika juu yake miezi miwili, mitatu, kisha itaachia kwa umbo lilelile la kilichogusa. Yeye mwenyewe alifanya kazi amevaa glavu, na miguuni amefunga mifuko ya nailoni juu ya raba. Watu walimcheka. Aliwajibu kwamba kazi yake haijawahi kubanduka, na ilikuwa kweli. Ukweli huo ulimtia kiburi, na kiburi ndicho kilichomponza.

Septemba 2013, Zaitun, mfanyabiashara wa maharage wa Kasulu mjini, alimwita kijijini Kumsenga. Alikuwa amenunua boti ya alumini ya kuvushia watu na magunia katika mto Malagarasi, na sitaha yake, ile sakafu wanayosimama abiria, ilikuwa ikilowa inateleza kama mlenda. Leonidasi aliipiga msasa kutwa nzima. Asubuhi yake akaifuta kwa tina mara mbili, mpaka kopo likaisha. Kisha akaenda kando kuchanganya rangi ya epoksi na dawa yake ya kugandisha. Hiyo ikishachanganywa haingoji. Ndani ya saa moja imekuwa jiwe.

Aliporudi na ndoo alimkuta Zaitun juu ya sitaha, pekupeku. Kandambili alikuwa ameziacha chini, zimepangwa kama mlangoni pa nyumba.

"Mama, shuka!"

"Nini tena, fundi? Pamesafishwa hivi, nipande na matope yangu? Sisi hatukulelewa hivyo."

Alikuwa ametembea kutoka nyuma hadi mbele kabisa, akasimama ukingoni akiutazama mto. Leonidasi hakuona alama yoyote, lakini alijua zilipo: hatua sita, na ya saba pale aliposimama. Ndoo ilikuwa imeanza kupata joto mkononi. Tina nyingine ilikuwa Kibondo mjini, nusu siku kwenda na kurudi.

"Kuna ubaya?" Zaitun aliuliza.

"Hakuna, mama."

Akapaka. Akanyunyiza mchanga uliochekechwa juu ya rangi mbichi, akangoja ikauke, akafagia uliozidi, akapaka mkono wa pili. Sitaha ikakwaruza kama ulimi wa ng'ombe. Zaitun alimsifu mbele ya watu, naye akazipokea sifa.

Unyayo wa kwanza ulitokea Desemba, mvua zikiwa zimekolea. Ulikuwa nyuma, abiria wanapopandia: kisigino, vidole vitano, alumini tupu iking'aa katikati ya rangi ya kijivu. Baada ya wiki ukatokea wa pili, hatua moja mbele. Wa tatu ukafuata, kisha wa nne. Wanawake wa Kumsenga wakawa wanaziruka, na walipokuwa juu ya boti waliacha kuzungumza.

Leonidasi akaitwa aje atazame.

"Fundi, tumepata abiria wa kudumu," alisema Makarius, mwendesha boti. "Juzi alikuwa hapa, leo yuko pale. Anatembea mwenzetu, ila hana haraka."

Hakuna aliyecheka. Zaitun alivua kandambili, akaweka mguu ndani ya unyayo wa nne. Ulimwenea sawasawa, hadi kile kidole chake cha pili kilichozidi kidole gumba kwa urefu.

"Mbona ni wangu?" alisema taratibu.

Hapo ndipo palipokuwa mahali pa kusema kweli. Lakini kusema kweli kulikuwa kukiri, mbele ya Makarius na abiria, kwamba alijua tangu siku ile.

"Miguu ya watu hufanana, mama. Ni jua na mvua tu. Kiangazi nitapiga upya."

Alirudi Kasulu, lakini hakupata utulivu. Mwishoni mwa Februari alifika tena Kumsenga bila kuitwa. Mvua ilikuwa ikinyesha. Rangi isingeshika, na hakuwa na la kufanya ila kusema. Nyayo zilikuwa zimefika sita. Mbele kabisa, ukingoni, rangi ilikuwa imevimba kwa umbo la miguu miwili iliyosimama pamoja, vidole vikielekea majini.

"Mama, leo usisimame mbele."

"Kwa nini?"

"Basi tu. Kaa nyuma."

"Boti yangu, na kamba hudaka mimi. Sababu ni nini, fundi?"

Leonidasi aliyatazama maji. "Hakuna."

Boti ikaondoka, yeye akabaki nchi kavu. Ilipokaribia ng'ambo, Leonidasi alimwona Zaitun akienda mbele kudaka kamba, akasimama palepale aliposimama mara ya kwanza. Gamba la rangi likachomoka chini ya miguu yake. Hakupiga kelele. Makarius alipogeuka, mbele hapakuwa na mtu. Palikuwa na nyayo mbili safi, zikijaa maji ya mvua.

Alipatikana siku ya tatu, kwenye matete. Leonidasi aliwaeleza ndugu wa marehemu yote aliyoyajua, na tangu lini aliyajua. Zaitun alikuwa na miaka arobaini na mmoja, na watoto wake watatu wamebaki bila mama.