Upindo wa Mkeka wa Mama Mdogo

Bibi alipofariki, mkeka wake uliteremshwa darini, ukapanguswa masizi, ukaandaliwa kwa jeneza. Mama mdogo, kitinda mimba wa bibi, ambaye naye sasa kichwa kimejaa mvi, aliinama kuunyoosha. Mkono wake ukasimama kwenye ukingo mmoja. Akauliza, "Upindo huu nani kaupinda? Huu si mkono wa mama." Jibu nilikuwa nalo tangu utoto wangu, lakini halikuwa langu kulitoa.

Njoo nikurudishe nyuma kidogo, ndugu yangu, ndipo utaelewa. Nyumba yetu ilikuwa kandokando ya barabara, baina ya Kibiti na mto. Daraja la Ndundu lilikuwa halijajengwa. Watu na magari walivuka kwa pantoni. Kama umekulia nyumba ya wasukaji utaijua ile harufu ya milala iliyolowekwa usiku kucha, harufu ya majani na matope kwa pamoja. Kazi yangu ilikuwa kuichana milala iwe chane nyembamba za kusukia, na kuchimba mizizi ya mdaa ya kuchemshia rangi nyeusi. Vidole vyangu vilikuwa vyeusi mwaka mzima. Shuleni mwalimu alinifukuza nikanawe, nami nikanawa, na weusi ukabaki vilevile.

Kila mwezi mchanga ukishaonekana, wanawake wa mtaani walikutana barazani kwa bibi. Walitengeneza mkeka mmoja kwa mwezi, kwa zamu. Mwenye zamu ndiye aliyechagua nakshi, na kila mwenzake alikwenda kusuka nyumbani ukili wake, yaani utepe mmoja wa mkeka, kwa nakshi ile na upana uleule, ili siku ya kikao kili zote zishonwe pamoja. Usidhani ni mchezo. Walichaguliana nakshi ngumu makusudi, kukomoana. Ukikosea chane moja, nakshi yote inakwenda mrama, na hapo ndipo utakapotaniwa mpaka ujute kuzaliwa. Mmoja aliwahi kuleta ukili mpana kupita wa wenzake, akaulizwa kama anataka kumlaza tembo. Walicheka, wakanywa chai ya mchaichai, wakala mihogo ya nazi na kambare mkavu, na shazia za kushonea hazikupumzika.

Mkeka ukishashonwa, mwenye zamu alipindiwa na wenzake pande tatu. Upande wa nne uliachwa wazi, chane zikining'inia kama ndevu za mahindi, mpaka mwenyewe aje aupinde kwa mkono wake. Bibi alikuwa akisema, "Mwenye mkeka hujipindia. Anayepindiwa ni maiti." Maana mkeka wa jeneza ndio pekee uliopindwa pande zote na watu wengine. Mwenyewe hana mkono tena.

Zamu ya mama mdogo ilipofika, alichagua mgongo wa mamba, nakshi ambayo hata bibi aliisuka akiwa amekunja uso. Wenzake waliguna. Mvua za mwaka ule zilikuwa zimeanza vibaya, na mmoja alimwambia waziwazi kwamba wakati mto unajaa si wakati wa kumtaja mamba. Mama mdogo alicheka, akajitwisha ndoo yake, akavuka kwenda ng'ambo kuuamia mpunga wake usiliwe na ndege. Alikuwa akilala kwenye dungu, kile kibanda cha juu ya nguzo, na aliahidi kwamba siku ya kikao atakuwapo.

Baada ya hapo mto ukabadilika rangi. Viboko wakapanda mpaka kwenye mahindi ya nyuma ya nyumba, tukawasikia wakikoroma mchana kweupe. Siku ya kikao ilipofika mama mdogo hajaonekana. Utingo mmoja wa lori alisimama kuomba maji ya kunywa, akasema pantoni imesimamishwa, na kwamba jana yake mtumbwi umepinduka ukiwa na watu. Watu gani? Hakujua. Bibi alimpa maji, akarudi kushona. Hakuna aliyetania siku ile.

Kufikia alasiri kili zote zilikuwa zimeshonwa, pande tatu zimepindwa. Wanawake wakaingia ndani kutawadha na kuswali. Barazani alibaki jirani yetu mmoja, bibi harusi aliyeletwa karibuni kutoka milima ya Umatumbi, mchapakazi, mwenye adabu zake. Siku zile hakuwa akiswali, basi akabaki na mkeka. Akaona upande mmoja uko wazi. Kwao hawakuwa na desturi ile. Akadhani wamesahau.

Walipotoka kuswali, alikuwa akikata uzi kwa meno huku anatabasamu. Alikuwa amepinda vizuri mno, sawasawa, bila chane hata moja kuchomoza.

Mmoja alishika kichwa. Mwingine alichukua kisu akataka kufumua. Yule bibi harusi alipoelezwa alichofanya machozi yakamtoka. Bibi akamzuia mwenye kisu. "Kilichopindwa hakifumuliwi," alisema. Kisha akavua ndara zake, akapanda juu ya ule mkeka, akakaa katikati na kunyoosha miguu yote miwili. "Mkeka huu ni wangu. Wa mwanangu haujasukwa bado." Akatutazama mmoja mmoja, nami nikiwamo, akatuapiza tusimwambie mama mdogo kamwe. Alisema mauti yakitamkwa mbele ya mwenyewe huwa yameonyeshwa njia.

Niliogopa, usiniulize jinsi nilivyoogopa. Siku zilizofuata bibi hakula kitu cha maana. Kila aliyetokea upande wa mto alimsimamisha, akamuuliza, akamwachia.

Mama mdogo alirudi. Alitokea barabarani na matope mpaka magotini, redio yake imefungwa kwenye kanga, akalalamika njaa. Maji yaliubeba mpunga wote, naye akasalimika juu ya dungu. Bibi alimshika uso kwa mikono yote miwili. Baada ya kula, mama mdogo akauliza mkeka wake uko wapi.

"Ule nimeuchukua mimi," bibi alimjibu.

Alidhani ni utani. Alipoona si utani alisema maneno ambayo mtoto hamwambii mzazi: kwamba amedhulumiwa na mama yake mwenyewe, mbele ya mtaa mzima, tena siku aliyoponea chupuchupu. Bibi aliyanyamazia. Miezi mingi baadaye alimsukia mkeka mwingine peke yake, mgongo wa mamba uleule, akauacha upande mmoja wazi. Mama mdogo akasema hataki makombo. Mkeka ukapanda darini, ukalala kando ya ule wa bibi. Tangu hapo walisalimiana, walipikiana wauguapo, lakini kama watu waliojuana kisimani tu. Bibi alikufa hivyo.

Basi siku ile ya msiba, swali likiwa limening'inia, aliyejibu ni yule jirani wa Umatumbi, sasa ni bibi wa wajukuu. "Mimi, dada. Nilikupindia wewe." Akasimulia yote, utingo, mtumbwi, kisu, mpaka bibi alivyonyoosha miguu. Mama mdogo hakulia. Alipanda juu ya mkeka, akakaa katikati, akanyoosha miguu, na hapo alikaa mpaka wanaume walipobisha hodi kuuchukua.

Siku hizi baraza ile haina kikao. Vijana wananunua mikeka ya plastiki, mdaa hauchimbwi, na kati ya wale wanawake amebaki yule jirani tu, macho yake hayaoni tena shazia. Mama mdogo aliuteremsha mkeka wake, ule aliosukiwa na bibi, anaulalia kila siku, na upande wa nne bado uko wazi. Miguu yake imeanza kuvimba. Kila mwezi anapelekwa hospitali Kibiti. Namsihi aupinde. Ananijibu, "Mama kaningoja miaka yote. Nami nimngoje kidogo."

Ukimtoa yeye, katika ukoo wetu anayejua kupinda nimebaki mimi. Simu ya nyumbani ikiita alfajiri, vidole vyangu hufa ganzi kabla sijaipokea.